Kisakinishi Kilichoganda Ndani ya Mashine Pepe: Kinasubiri Nini?

Kisakinishi cha programu huhesabiwa kimeganda pale mstari wa maendeleo unaposimama, skrini haionyeshi kosa lolote, na muda unapita bila kazi kuisha. Tatizo huwa gumu zaidi kisakinishi kinapoendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Hapo chanzo chaweza kuwa kwenye kompyuta ya ndani, kwenye ile inayoibeba, au kwenye njia inayoziunganisha na dunia, na anayetazama skrini moja hazioni hizo nyingine.

Kusini mwa Pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, jambo hili limetoka mikononi mwa mafundi wachache. Vituo vingi vya afya vya umma nchini hutumia KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS. OpenMRS nayo ina mizizi humu humu Kenya, katika rekodi za kielektroniki zilizoanza kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001. Mahoteli ya Diani na maduka ya Ukunda yana eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara inahitaji ankara ya kielektroniki ili ikubaliwe katika hesabu ya kodi. Biashara inayotoa ankara nyingi kwa mpigo inaweza kutumia VSCU, kitengo cha ankara kinachokaa kwenye seva ya biashara yenyewe. Programu za aina hii zinafaa kuwekwa ndani ya mashine pepe ili zisigombane na programu nyingine za ofisi, na hapo ndipo fundi hujikuta mbele ya mstari uliosimama kwenye asilimia 67.

Hukumu zinazotolewa haraka ni tatu: mtandao ni mbovu, mashine pepe ni nzito, au programu yenyewe ina kasoro. Dawa zinazopendekezwa nazo ni tatu: ngoja, zima uwashe, au futa uanze upya. Kila hukumu ina ukweli wake na kila dawa ina mahali pake. Hasara hutokea dawa inapochaguliwa kabla chanzo hakijajulikana.

Mwenyeji na mgeni

Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe ni mgeni wake. Kati yao hukaa hipavaiza, kama VirtualBox, VMware, Hyper-V ya Microsoft au KVM ya Linux, ambayo humgawia mgeni prosesa, memori, diski na mtandao. Mgeni kwa kawaida haoni kilichobaki kwa mwenyeji. Akiambiwa ana diski ya gigabaiti 100, huamini hivyo hata kama diski ya mwenyeji imebakiwa na gigabaiti 6 tu. Akiambiwa ana prosesa nne, hupanga kazi zake kwa nne, ingawa huenda zamu ya kuzitumia haimfikii.

Ujinga huu wa mgeni ndio unaoeleza kwa nini logi za ndani, yaani kumbukumbu za matukio ya mgeni, pekee hazitoshi. Diski ya mwenyeji ikijaa, VirtualBox humsimamisha mgeni palepale, na Hyper-V hufanya vivyo hivyo. Kwa aliyeunganishwa na mgeni kutoka mbali, kisakinishi kimenyamaza tu. Logi yake haina kosa kwa sababu hakuna aliyekuwa macho kuliandika. Ukweli wote uko upande wa mwenyeji.

Jambo la pili la msingi ni kwamba kuganda kabisa, kwa maana ya programu iliyoingia katika hali isiyoweza kutoka, ni nadra. Kinachoitwa kuganda karibu kila mara ni kusubiri: kusubiri jibu la mtandao, diski imalize kuandika, programu nyingine iachie kufuli, au mtu abonyeze kitufe asichokiona. Swali lenye faida, basi, ni kisakinishi kinasubiri nini, na je, hicho kinachosubiriwa kitakuja?

Hukumu ya kwanza: mtandao

Hukumu hii ina nguvu Kwale kwa sababu imethibitika mara nyingi. Mikongo ya baharini ya TEAMS, SEACOM na EASSy hutua Mombasa, mwendo mfupi tu kutoka Diani, lakini ukaribu huo haumpi mtumiaji wa Msambweni kinga yoyote mkongo unapokatika mbali. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Visakinishi vingi vya leo ni vidogo vyenyewe na hupakua sehemu kubwa ya programu vikiwa kazini. Bando la simu likiisha katikati, au kasi ikishuka, kisakinishi hakina la kufanya ila kungoja, na baadhi ya visakinishi vimeandikwa vingoje bila kikomo.

Hata hivyo, neno mtandao limefunika matatizo yasiyofanana. La kwanza ni saa. Mgeni aliyelazwa Ijumaa na kuamshwa Jumatatu anaweza kuamka na saa ya Ijumaa. Vyeti vya usalama vya tovuti na orodha za vifurushi vya Ubuntu vina tarehe. Mgeni akiona tarehe ya mbele yake huzikataa, na kisakinishi kisichoandikwa vizuri hurudia jaribio lile lile bila kusema neno. Hapa kasi ya intaneti haihusiki kabisa.

La pili ni ukubwa wa pakiti. Kipimo cha kawaida ni baiti 1,500. Hoteli au kituo kinachopitisha mawasiliano yake kwenye VPN huongeza bahasha juu ya kila pakiti, na nafasi ya data hupungua. Ikiwa ruta ya njiani inazitupa pakiti kubwa, na ujumbe wa ICMP wa kumwarifu mtumaji umezuiwa na kinga ya mtandao, hakuna anayejua kilichotokea. Ping inajibu, ukurasa mdogo unafunguka, lakini upakuaji unasimama kwenye sifuri. Dalili hii huwachanganya watu kuliko nyingine yoyote ya mtandao, maana kila jaribio rahisi linaonyesha kwamba mtandao upo. Kushusha kipimo hadi 1,400 ndani ya mgeni huonyesha mara moja kama hiki ndicho chanzo.

La tatu ni anwani iliyokufa. CentOS 7 ilifika mwisho wa maisha yake 30 Juni 2024, na seva zake za kawaida za vifurushi zikafungwa. Mwongozo wa miaka iliyopita unaoanza kwa CentOS 7 utakwamia hapo hata kwenye intaneti bora, mpaka fundi aelekeze mfumo kwenye hazina ya kumbukumbu, vault.centos.org, au, lililo bora, ahamie mfumo unaotunzwa.

La nne linahusu kazi ya mbali. Kituo kilicho njia ya Lungalunga mara nyingi huhudumiwa na mtu aliye Kwale mjini au Mombasa kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa amri. Uzi huo ukikatika, kisakinishi kilichoanzishwa ndani yake huweza kufa nusu ya kazi, ilhali skrini ya fundi imebaki na mstari ule ule wa mwisho. Mtandao hapa si chanzo cha mgando ila cha kifo kisichotangazwa. Kuendesha kazi ndani ya tmux au screen huifanya iendelee upande wa pili hata muunganisho ukipotea, na gharama yake ni amri moja tu.

Hukumu ya mtandao, kwa ufupi, ni sahihi pale upakuaji unapoendelea na kasi yake inapimika kuwa ndogo. Nje ya hapo ni dhana inayozuia uchunguzi.

Hukumu ya pili: uzito wa mashine pepe

Laptopu ya gigabaiti 4 za memori inayompa mgeni gigabaiti 2 huwaacha wote wawili na njaa. Memori ikiisha, mfumo huanza kutumia diski badala yake, na ikiwa diski ni ya sahani zinazozunguka, kazi ya dakika tano hugeuka ya saa moja. Katika Linux, amri ya top huonyesha jambo hili kwenye safu ya wa, yaani muda ambao prosesa inaisubiri diski. Safu ya st kwenye mstari huo huo, pale hipavaiza inapotoa taarifa hiyo, huonyesha muda ambao mgeni alitaka prosesa na hakupewa. Namba hizo mbili hujibu kwa sekunde chache ubishi unaoweza kuchukua asubuhi nzima.

Zipo sababu za uzito zisizoonekana kwa kuhesabu memori. Windows 11 mpya mara nyingi huja na ulinzi unaotegemea Hyper-V ukiwa umewashwa. VirtualBox ikiendeshwa juu ya hali hiyo hulazimika kupitia kwa Hyper-V badala ya kuishika prosesa moja kwa moja, na huonyesha alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mgeni. Wengi huiona alama hiyo kila siku bila kuulizia maana yake. Kompyuta nyingine zina uwezo wa VT-x au AMD-V uliozimwa kwenye BIOS. Antivirusi ya mwenyeji nayo inaweza kulikagua faili la diski ya mgeni kila linapoandikwa. Na snapshoti, yaani nakala za hali ya diski ya mgeni, zilizorundikana, kila moja ikiwa juu ya mwenzake, hulazimisha usomaji kupita tabaka nyingi.

Hali ya Pwani huongeza lake. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na chumba cha nyuma kisicho na kipoza hewa mwezi wa Machi hakihitaji mzigo mkubwa kuifikisha hapo. Hewa ya chumvi hula viunganishi na feni. Seva iliyofanya kazi vizuri Julai inaweza kusuasua Machi bila mtu kubadilisha chochote ndani yake.

Udhaifu wa hukumu hii ni kwamba uzito huchelewesha, hausimamishi. Mashine nzito bado huonyesha uhai: taa ya diski huwaka, logi hupata mstari mpya kila baada ya muda. Prosesa ikiwa karibu na sifuri, diski kimya na mtandao kimya, kuongeza memori hakutaleta mabadiliko. Fedha nyingi za vifaa hutumika kwa kutotambua tofauti hii.

Iko hali moja inayofanana na uzito na si uzito. Linux za kabla ya toleo la 5.6 la kiini, lililotoka 2020, ziliweza kuizuia programu inayosoma namba za nasibu kutoka /dev/random mpaka mfumo ukusanye nasibu ya kutosha kutokana na kibodi, kipanya na diski. Mashine pepe haina kibodi inayoguswa, hivyo nasibu hukusanyika polepole. Tomcat, seva ya Java ambayo OpenMRS huendeshwa juu yake, inaweza kuchukua dakika nyingi kuanza kwa sababu hii tu. Kumpa mgeni kifaa cha virtio-rng, au kuielekeza Java kwenye /dev/urandom, humaliza tatizo bila kuongeza hata megabaiti moja.

Hukumu ya tatu: kisakinishi chenyewe

Wanaokilaumu kisakinishi huwa karibu na ukweli kuliko wanavyodhaniwa, ingawa kasoro mara nyingi si ya programu iliyoharibika bali ya mazungumzo yasiyosikika. Ubuntu 22.04 huuliza, katikati ya kusakinisha, ni huduma zipi ziwashwe upya. Amri ikiwa inaendeshwa na hati ya amri (script), swali hilo hukosa wa kulijibu na kazi husimama. Katika Windows, dirisha la kuomba ruhusa linaweza kufichwa nyuma ya dirisha jingine, au kufunguka kwenye kikao ambacho hakuna anayekitazama.

Makufuli ni aina nyingine. Ubuntu huwa na kazi ya masasisho ya usalama inayojiendesha yenyewe muda mfupi baada ya mashine kuwashwa, nayo hushika kufuli la vifurushi. Fundi anayewasha mgeni na kuanza kusakinisha papo hapo hukuta mlango umefungwa. Kulifuta faili la kufuli kwa nguvu, ushauri unaorudiwa kila mahali, huruhusu programu mbili kuiandika hifadhidata ya vifurushi kwa pamoja na kuiharibu. Amri ya lsof humtaja mwenye kufuli, na akijulikana, dakika kumi za kumsubiri zina faida kuliko siku ya kukarabati. Windows Installer nayo huruhusu usakinishaji mmoja kwa wakati na kutoa kosa 1618 wa pili unapojaribu, lakini kisakinishi cha nje kinachouita kinaweza kulificha kosa hilo.

Mfano wenye somo kubwa zaidi unatoka kwa OpenMRS. Inapoanzishwa mara ya kwanza, chombo kiitwacho Liquibase hujenga majedwali ya hifadhidata kwa mamia ya hatua zilizopangwa. Kazi hiyo ni ndefu hata kwenye seva nzuri, na mara nyingi mstari wa maendeleo hausogei. Ili hatua zisifanywe mara mbili, Liquibase huandika alama ya kufuli ndani ya hifadhidata yenyewe. Mtu akikosa subira akaizima mashine, alama hubaki imewekwa. Akiwasha tena, programu husoma kwamba kuna mwingine kazini, ikaandika kwenye logi kwamba inasubiri kufuli, na kusubiri mtu ambaye hayupo. Mgando wa kwanza ulikuwa wa kudhaniwa. Wa pili ni wa kweli, na umetengenezwa na dawa ya wa kwanza. Umeme unaokatika huleta matokeo yale yale: tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva zisizo na UPS, yaani betri ya akiba, zilizimika zikiwa katika hatua yoyote zilizokuwamo.

Kungoja, kukata, kurudi nyuma

Kungoja hakuharibu kitu, na ndiyo sifa yake kubwa. Kasoro yake ni muda. Mapokezi ya hoteli msimu wa Desemba hayawezi kusimama nusu siku kwa imani tu, wala foleni ya wagonjwa haiwezi. Kungoja kusiko na kipimo hugeuka kuacha kazi.

Kukata ni njia ya haraka, na kwa kisakinishi kilicho bado katika kupakua hakuna hatari kubwa. Hatari huanza kinapoandika: vifurushi hubaki nusu, hifadhidata hubaki na majedwali pungufu, makufuli hubaki bila mwenyewe. Tena kukata hakuwezekani kila mara. Mchakato wa Linux ulio katika hali ya D, unaosubiri diski isiyojibu, haufi hata kwa kill -9, na kung'ang'ania kuuua ni kupoteza muda unaofaa kutumika kwa mwenyeji, ambako diski yenyewe iko.

Kurudi nyuma kwenye snapshoti ndiyo neema ambayo mashine halisi haina. Hali nzima ya diski kabla ya kusakinisha hurejea kwa dakika chache, na jaribio la pili huanzia mahali safi. Lakini snapshoti haichagui cha kurudisha. Wagonjwa walioandikishwa baada yake hufutika. Ankara zilizokwisha kufika KRA hazirudi nyuma pamoja na diski, kwa hiyo mfumo uliorudishwa unaweza kutoa upya namba zilizokwisha kutumika. Snapshoti ya mfumo wa hospitali ni nakala ya taarifa za wagonjwa pia, na kuipeleka kwa fundi wa mbali kwenye diski ya kubeba mkononi ni jambo linaloguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tena snapshoti hukaa kwenye diski ile ile ya mwenyeji. Diski ikifa, mgeni na snapshoti yake huenda pamoja.

Wako wanaopendekeza kuuepuka mzozo wote kwa kutumia mashine pepe iliyokwisha kuandaliwa, inayobebwa kama faili moja. Kwa eneo lenye bando ghali rai hii ina uzito: faili hupakuliwa mara moja Mombasa na kusambazwa vituo kumi. Bei yake ni usalama. Faili hilo huzeeka, masasisho yake hupitwa, na nywila yake ya kwanza huwa ile ile kila lilikofika. Linafaa kwa mafunzo. Kwa data za watu linafaa tu likiwa na mwenye dhamana ya kulisasisha na kubadilisha nywila kila mahali.

Mpangilio wa uchunguzi

Kinachoshinda hukumu zote tatu ni kutazama vitu vitatu kwa dakika kumi: prosesa, diski na mtandao, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia. Prosesa ikiwa juu kwa muda wote, kisakinishi kinafanya kazi au kimeingia mzunguko usioisha, na logi itaonyesha ni lipi, kwa kuwa mzunguko hurudia mistari ile ile. Diski ikiwa na kazi na prosesa ikiwa chini, tatizo ni uzito, na jibu ni kungoja leo na kuongeza memori au diski ya SSD kesho. Mtandao ukisonga kidogo kidogo, ni upakuaji. Vyote vitatu vikiwa kimya, kuna jibu, kufuli au mtu anayesubiriwa, na hapo kuendelea kungoja bila kuchunguza hakuna maana. Linux ina strace na lsof za kuonyesha kinachosubiriwa. Windows ina uchambuzi wa mnyororo wa kusubiri ndani ya Task Manager, na faili la MSI likiendeshwa kwa chaguo la /l*v huandika kila hatua kwenye logi.

Mwenyeji akaguliwe kwanza, kinyume cha desturi. Nafasi ya diski, joto, alama ya kobe na hali ya mgeni kwenye dirisha la hipavaiza huchukua dakika mbili kuangaliwa, na huondoa sababu ambazo mgeni hawezi kuziona kamwe.

Kati ya njia zote, iliyo bora kwa vituo na mahoteli ya Kwale ni ile inayoanza kabla ya kisakinishi kuguswa: vifurushi vipakuliwe mapema wakati mtandao umetulia, seva iwe kwenye UPS, snapshoti ipigwe mgeni akiwa amezimwa, na kazi ya mbali ifanywe ndani ya tmux. Baada ya hapo kisakinishi kiachwe kwa muda wote ambao prosesa, diski au mtandao wake unasonga. Vyote vikinyamaza nusu saa, na uchunguzi usitaje kinachosubiriwa, kikatwe na mashine irudishwe kwenye snapshoti. Snapshoti hiyo ifutwe kazi ikifaulu. Penye data hai, nakala ya hifadhidata hutangulia snapshoti, na kisakinishi kisianzishwe kabla nakala hiyo haijajaribiwa kurudishwa kwenye mashine nyingine.